Trela Likiyumba, Usikanyage Breki

Khareef inakaribia, na majumbani mwetu maneno ni yale yale ya kila mwaka: nani anakwenda Salala, siku gani, na kwa gari ya nani. Watoto washafunga skuli. Jamaa walioko Dubai na Doha wanapiga simu kuuliza kama nafasi bado ipo. Na uani, jioni jua likipoa, vijana wanafunga trela nyuma ya gari: hema, jenereta, masanduku ya barafu, matangi ya maji, pikipiki mbili za magurudumu manne za kuchezea mchangani, na juu ya yote hayo godoro la bibi, maana bibi halali chini.

Tahariri ya leo ni juu ya hilo trela. Zamani safari ya Salala ilikuwa gari na mabegi, basi. Siku hizi kila familia ya pili inavuta kitu: trela la mizigo, boti, nyumba ya magurudumu, au ngamia wa kupelekwa malishoni. Leseni tunazo, magari yetu yana nguvu, mashallah, lakini kuvuta hatukusomeshwa. Mtu anaona gari inaondoka vizuri, inapanda vizuri, basi anadhani mambo yamekwisha. Hajui kwamba trela linaweza kukaa kimya nyuma yake kilomita mia mbili, halafu dakika moja, kwa upepo mmoja wa lori, likaanza kupiga mkia kulia na kushoto, na sekunde chache baadaye gari imelala ubavu na watoto ndani.

Watu husema ni kadari. Kadari hatuikatai. Lakini aliyepakia jenereta na pikipiki nyuma kabisa ya trela ni mtu, ana jina, na kwa kawaida anaishi nyumba hiyo hiyo. Ninachotaka kusema leo ni hichi: kuyumba kwa trela hakuanzii barabarani. Kunaanzia uani, wakati wa kupakia, na kule barabarani kunajitokeza tu.

Wenye kuikumbuka Unguja wanawakumbuka mahamali na rukwama zao. Hamali hakuhitaji kitabu kujua pa kuweka gunia. Akiliweka nyuma ya magurudumu, mikono ya rukwama inanyanyuka na yeye mwenyewe ananing'inia. Akiliweka mbele kidogo ya magurudumu, rukwama inamlalia mikononi kwa uzito anaoumudu, na inakwenda anakotaka. Trela ni rukwama, na gari yako ndiyo hamali. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, trela linaunyanyua mkia wa gari, mipira ya nyuma inapungukiwa na mshiko, na hapo trela ndilo linaloiongoza gari.

Kipimo kinachotumika Marekani ni kwamba kwenye kiungio, pale trela linapoishika gari, paangukie asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa trela na mzigo wake. Ulaya, kwa matrela yao mepesi, wanatumia kiasi kidogo zaidi. Trela la kilo 1,000 basi, kwa hesabu ya Marekani, liilalie gari kwa kilo 100 mpaka 150, ilimradi isizidi ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kibati cha chuma cha kuvutia. Namna ya kufika hapo ni kuweka kama sehemu sita kwa kumi za mzigo mbele ya ekseli, vizito vikae chini na katikati, vyepesi nyuma na juu.

Lakini tazama tunavyopakia. Mlango wa trela uko nyuma. Vinavyoingia mwanzo ni vile visivyotakiwa upesi: mahema, mazulia, magodoro, vitu vyepesi vyote, navyo vinasukumwa mbele. Vinavyoingia mwisho ni vile vitakavyotakiwa mwanzo: masanduku ya barafu, maji, jenereta, mkaa. Yaani vizito vyote vinaishia mkiani, na hakuna aliyekusudia. Tangi la maji la lita 200 ni kilo 200, na likiwa nusu ndiyo balaa zaidi, kwa sababu maji yanacheza kila trela likicheza. Ama lijazwe lifungwe mbele kidogo ya ekseli, ama liende tupu likajazwe huko huko.

Kupima si kazi ya mhandisi. Chukua mizani ile ya kupimia watu, iweke juu ya tofali au kipande cha mbao, trela likiwa limesimama sawasawa, magurudumu yamezibwa kwa mawe lisitembee, na kichwa cha trela ukilaze juu ya mizani kwa urefu ule ule wa kiungio cha gari. Soma. Mizani ikionyesha kilo 30 kwa trela la kilo 800, usiondoke. Sogeza jenereta mbele, pima tena. Ni kazi ya robo saa, na ikiwa kuna mjukuu wa skuli mpe yeye afanye hesabu ya asilimia; atajifunza zaidi kuliko kwenye daftari. Tukiwa hapo hapo, angalieni kile kichwa cha chuma cha mviringo kinachoingia kwenye mdomo wa trela. Kuna cha milimita 50 na kuna kidogo zaidi, kama 47 na nusu, na kwa jicho vinafanana. Kidogo kikiingia kwenye mdomo wa kikubwa kitafunga, kitaonekana kimeshika, na siku ya bonde kitachomoka. Minyororo miwili ya usalama ipitishwe chini ya kiungio, ipishane, ili trela likichomoka kichwa chake kiangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Sasa upepo. Khareef yenyewe ni nini kama si upepo? Ni ule ule wa kusi uliokuwa ukiwarudisha wazee wetu kutoka Unguja, Mombasa na Lamu. Na wazee hawakuwa wajinga: waliondoka kusi likiwa changa au limeshaanza kulegea, na katikati yake, miezi ya 6 na ya 7 bahari ikichafuka, majahazi yalikaa bandarini. Sisi, wajukuu zao, ndiyo miezi hiyo hiyo tunayofunga trela refu lenye ubavu kama ukuta na kutoka nalo uwanda mtupu. Baina ya Adam na Thumrait, masafa ya mamia ya kilomita, hakuna mlima wala mti wa kukukinga. Serikali haikusimamisha minara 13 ya umeme wa upepo kule Harweel, Dhofar, kwa mapambo. Ilianza kazi 2019 na inatoa megawati 50, kwa sababu upepo upo. Upepo unaozungusha mapanga yale unaweza kulisukuma trela lako pia.

Na yapo malori. Lori kubwa likikupita, kwanza hewa ya mbele yake inakusukuma nje, halafu ubavu wake ukishakupita unahisi kama unavutwa kulielekea. Gari peke yake inatingishika tu. Gari yenye trela inapata msukumo wa kwanza mkiani, wa pili puani, na kama mzigo ulipakiwa vibaya, huo ndio mwanzo.

Skuli ya misheni niliyosoma, mwalimu wetu wa fizikia alikuwa akitundika jiwe kwenye uzi na kulisukuma kwa kidole kimoja. Akisukuma kwa wakati wake, kidole kile kile dogo dogo, jiwe linafika juu ya kichwa chake. Watoto wa bembea za sikukuu wanalijua hili bila ya mwalimu. Trela linaloyumba linakwenda na kurudi kila sekunde moja au mbili. Dereva akiliona kwenye kioo limekwenda kulia, akili yake inachukua muda kuamua, mkono unachukua muda kugeuza usukani, na mpaka gari inaitika trela lishaanza kurudi. Kila anaposahihisha, anasukuma bembea. Ndiyo maana madereva hodari, wenye mikono myepesi, wanapinduka pia. Mikono yenyewe ndiyo inayozidisha.

Basi likianza kuyumba fanya hivi, na ningependa mambo haya yasomwe kwa sauti nyumbani kabla ya safari. Shika usukani kwa mikono miwili, ushike imara, gari ibaki imenyooka, usilifukuze trela. Toa mguu kwenye mafuta, uiache kasi ishuke yenyewe. Usikanyage breki za gari. Matrela mengi madogo hayana breki zake. Ukifunga breki gari inapungua mwendo, trela halipungui, linakuja na uzito wake wote kukusukuma matako, na kwa vile limeshakaa upande, gari na trela vinakunjana. Kama trela lako lina breki za umeme na kuna kiswichi chake karibu na usukani, hicho ndicho unachokibonyeza, peke yake, taratibu: trela likijizuia lenyewe linavutika na kunyooka. Likishatulia, endelea kupunguza, washa taa za hatari, toka pembeni mahali palipo salama, na usirudi barabarani mpaka ujue sababu. Kuyumba mara moja kukaisha si bahati ya kusherehekea. Mzigo bado uko vile vile.

Wapo mabarazani wanaosema trela likiyumba ongeza mafuta, litanyooka. Nimelisikia hilo kwa watu wenye ndevu nyeupe. Kweli, gari ikivuta kwa nguvu trela hunyooka kwa kitambo, lakini sasa uko kwenye kasi kubwa zaidi, na kasi ndiyo iliyolianzisha. Utaongeza mpaka wapi? Magari mapya, ni sawa, yana mtambo unaohisi kuyumba na kuyafunga magurudumu moja moja kwa breki mpaka pakatulia. Ni kitu kizuri. Lakini mtambo hausogezi jenereta.

Kila trela lina kasi yake ambayo chini yake ukilitingisha linatulia lenyewe, na juu yake ukilitingisha linazidi. Hiyo kasi haikuandikwa popote. Inategemea mzigo, mipira, urefu wa trela na gari inayovuta. Kibao cha barabarani kinachosema 120 hakilijui trela lako. Uingereza gari inayovuta haitakiwi kuzidi maili 60 kwa saa, kama kilomita 97, hata kwenye barabara kuu kabisa, na kwenye barabara ya njia moja moja ni maili 50. Tena kwenye barabara kuu yenye njia tatu au zaidi hairuhusiwi kuingia njia ya mwisho ya kupitia wenzake. (Jamaa zetu wa huko wakumbuke: tangu mwezi wa 12 mwaka 2021 hakuna tena mtihani maalumu wa kuvuta trela mpaka kilo 3,500 kwa waliofuzu leseni kuanzia 1997. Ruhusa wamepewa, ujuzi hawakupewa.) California ni maili 55, yaani kama kilomita 88. Hawa wote hawakuafikiana bure.

Sisi tunasema 90. Tunajua gharama yake. Kilomita 1,000 kwa 120 ni saa nane na dakika 20, na kwa 90 ni saa kumi na moja na dakika saba. Ni karibu saa tatu zaidi, na watoto watalia. Lakini nguvu iliyomo ndani ya chuma kinachokwenda 120 inazidi ile ya 90 kwa zaidi ya robo tatu, si kwa theluthi kama inavyodhaniwa, kwa sababu kasi inajizidisha kwa yenyewe. Na kwa 120 gari inakula mita 33 kila sekunde, kwa 90 mita 25. Mwenye trela aache nafasi ya sekunde nne au tano na gari ya mbele. Kuhesabu ni rahisi: gari ya mbele ikipita kibao, anza "elfu na moja, elfu na mbili", na usikifikie kibao mpaka umemaliza "elfu na nne".

Mipira nayo. Tuna ada yetu ya kutoa upepo kwenye mipira tunapoingia mchangani, na ni ada sahihi. Lakini wangapi wanaurudisha wote wakitoka? Kijana anatia kidogo, anasema nitajaza petroli ya mbele. Mpira laini kwenye gari inayovuta unakwenda upande kama jeli, na trela linaupenda huo uchezaji. Upepo upimwe asubuhi mipira ikiwa baridi, ya gari na ya trela pia. Na trela linalokaa uani miezi tisa kwenye jua la Oman mipira yake hufa bila ya kutembea. Itazame ubavuni, kuna nambari nne ndani ya duara lenye urefu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nyufa ndogo ndogo ubavuni ni jibu tosha.

Usiku na trela, hapana. Barabara ile ina ngamia, na ngamia mweusi kwenye lami nyeusi huonekani ila ukiwa juu yake. Dereva wa gari tupu pengine atakwepa. Mwenye trela akikwepa ghafla trela halikwepi pamoja naye, linakwenda lilikokuwa linakwenda. Chaguo lake ni moja tu, kuona mapema, na usiku hakuna kuona mapema. Barabara imepanuliwa sehemu kubwa, lakini penye njia moja moja unaokutana nao uso kwa uso ni malori.

Na sisi tusiovuta tuna deni letu. Ile tabia ya kumulika mataa nyuma ya mtu, kumkaribia mpaka asione nambari yako, ukimfanyia mwenye trela unamlazimisha kufanya moja kati ya mambo mawili: kuongeza kasi au kuhama njia upesi. Yote mawili yanaweza kumwua. Ukitaka kumpita, mpite kwa upana, usirudi mbele yake mpaka umwone wote kwenye kioo. Na ukiona trela la mbele limeanza kucheza, usilipite kabisa. Rudi nyuma, washa taa za hatari, uwazuie wanaokuja wasikaribie. Likipinduka, polisi ni 9999.

Wanaokuja likizo kutoka Unguja au Uingereza wakumbuke pia kwamba hapa tunakwenda kulia, na mwenye trela mahali pake ni njia ya kulia kabisa. Mtu aliyezoea kushoto akichoka, mkono wake unarudi ulikozoea.

Nina neno kwa maduka yanayokodisha matrela na kwa gereji za sanaiya zinazoyaunga kwa chuma cha mabaki. Mpeni mteja karatasi: trela tupu lina kilo ngapi, linabeba ngapi, kiungio chake ni cha milimita ngapi, lina breki au halina. Mstari mmoja wa rangi sakafuni unaoonyesha ekseli ilipo ungesaidia kuliko stika zote za "safari njema". Trela lisilo na karatasi hiyo lisikodishwe, na mteja asilichukue hata kwa riali tano.

Halafu kuna jambo la ndani ya gari. Katika familia zetu dereva huwa ni mwana wa miaka ishirini na tano, na nyuma wamekaa mama, shangazi, na bibi aliyeshika tasbihi. Wanaona mshale umepita 130, wananyamaza. Bibi anasoma dua kimya kimya. Mama anaogopa kumwaibisha mwanawe mbele ya mkewe. Mimi nasema seme, tena aseme mapema, Nizwa haijafika, kabla kichwa hakijapata moto: "Mwanangu, tisini." Asikosolewe uendeshaji wake, aambiwe nambari tu, tena nambari iliyokubaliwa nyumbani baba akiwepo. Kijana mwenye adabu hawezi kumkatalia bibi nambari aliyoikubali mwenyewe juzi kwenye kahawa.

Kwa hizo saa tatu zilizozidi, laleni Haima. Iko kama nusu ya njia, kuna pa kulala, pa kula na pa kutia mafuta. Asubuhi mzunguke trela kabla ya chai: kamba, kiungio, minyororo, taa, na mguse kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono baada ya kilomita hamsini za mwanzo, moja likiwa moto kuliko mwenzake kuna tatizo la beringi au breki. Mkishapita Thumrait mtaingia mteremko wa milima ya Qara, na hapo ukungu na manyunyu ya khareef vinaanza kwa pamoja, lami inateleza, na trela linasukuma kutoka nyuma. Gia ndogo iwekwe juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, na breki ziguswe kidogo kidogo gari ikiwa imenyooka, si ndani ya kona.